Sikujitupa Bwawani, Niliteleza

Kwanza kabisa: sikujitupa bwawani. Niliteleza. Kati ya kujitupa na kuteleza kuna umbali kama wa Tanga na Kigoma, na shemeji anaujua vizuri, ila angesema kweli ile sauti aliyorekodi kwenye simu na kuwatumia watu kuhusu kuanguka kwangu isingefika dakika nne.

Wale mlio kwenye kundi letu la huku mmeshaisikia. Wale wa nyumbani mmeshatumiwa. Leo asubuhi nimepigiwa na mtu niliyesoma naye darasa la tano, hatujaongea tangu enzi za simu za kukoroga, hakuniamkia wala hakuuliza watoto. Alisema "ukuta", akacheka, akakata. Ndipo nikaona bora niseme mwenyewe, viatu vikiwa bado juu ya hita vinanuka tope, kabla hadithi haijafika pale ambapo nimeopolewa na helikopta.

Sasa lazima nianze na filamu. Bila filamu hamtaelewa kwa nini mwanamume wa miaka 43, mwenye ndevu, anayelipwa kunyanyua wazee wa kilo tisini kutoka kitandani, alikimbia watoto wa shule ya msingi.

Filamu inaitwa Village of the Damned. Ya mwaka 1960, nyeusi na nyeupe, dakika 77 tu, haifiki hata mechi moja ya mpira. Mimi niliiona kwa mara ya kwanza Tanga, nina miaka kumi, sebuleni kwa mjomba baharia. Siku zile bara hatukuwa na kituo chetu cha televisheni. Mwenye deki mtaani alikuwa na heshima kama shehe. Mjomba alitua kutoka melini na kanda tatu: mbili za karate, moja hiyo. Nusu ya mtaa tulikaa mkekani, nusu walining'inia dirishani, na mjomba akasimama kando ya televisheni kutafsiri. Kiingereza cha mjomba kilikuwa cha bandarini. Alijua kuuliza bei na kutukana. Kwa hiyo filamu niliyokua nayo mimi kichwani robo yake ni ya Wazungu na robo tatu ni ya mjomba.

Inaanza hivi. Kijiji kimoja cha Uingereza, Midwich, mchana kweupe, watu wote wanaanguka usingizi kwa mpigo. Aliyekuwa na simu sikioni, chini. Aliyekuwa na trekta, chini, trekta inajizungukia yenyewe. Pasi inaunguza nguo hakuna wa kuinyanyua. Jeshi linakuja, mwanajeshi anavalishwa kinyago cha gesi, anafungwa kamba, anapiga hatua kadhaa anadondoka, wenzake wanamvuta kama ndoo ya kisimani. Baada ya saa kadhaa wanaamka, wanajipangusa, maisha yanaendelea. Miezi miwili baadaye kila mwanamke wa kijiji mwenye umri wa kuzaa ana mimba.

"Majini hayo," mjomba akasema, na mtaa mzima ukaitikia "Eeeh," maana hilo halikuhitaji tafsiri.

Wanazaliwa watoto kumi na wawili, nywele nyeupe, macho makali, wanakua haraka kama mahindi ya masika. Ukimfundisha mmoja, wote wameshajua. Wanasoma mawazo. Ukiwaudhi wanakuangalia, macho yanawaka, na unafanya wanachotaka. Mama mmoja alimpa mwanawe maziwa ya moto mno. Kichanga kikamtazama tu, mama akauzamisha mkono wake mwenyewe kwenye maji yanayochemka. Dereva mmoja nusura amgonge mtoto wao. Wakamkodolea, akaenda kujipigiza na gari ukutani. Hapo nilijifunika khanga ya dada yangu na sikutoka humo mpaka mwisho.

Na mwisho ndio ulioniharibia maisha. Kuna mzee mmoja msomi, Zellaby, anayeigizwa na George Sanders. Ndiye mwalimu wao. Ameamua kuwamaliza, ana bomu kwenye mkoba, anaingia darasani. Lakini unamfichaje siri mtoto anayesoma mawazo? Anawaza ukuta. Ukuta wa matofali, basi, hakuna kingine. Watoto wanaukazia macho, wanaupekecha, na kwenye kioo unauona ukuta wenyewe unabomoka tofali moja moja huku saa inakwenda.

Mjomba akatugeukia na kidole juu. "Mnaona? Mtu mwenye siri anawaza ukuta."

Ninyi mnaocheka huko, mlikuwa na miaka kumi? Mimi niliipokea kama amri. Wiki ile ile nikala sukari ya mama ya Ramadhani, si yote, theluthi hivi, na aliponiita nikasimama mbele yake macho yamenitoka, nawaza ukuta wa shule. Mama aliniangalia kama sekunde mbili. "Mbona umekodoa macho kama changu wa jana? Umekula sukari." Kandambili ikafuata. Nikadhani ukuta ulikuwa mwembamba. Safari iliyofuata, zilikuwa tende, nikawaza ukuta wa lile jengo la Mjerumani, mnene kiasi kwamba unaweza kulala dirishani. Kandambili ikapita katikati yake bila kupunguza mwendo.

Haya. Miaka thelathini na ushei ikapita. Niko Watford, Uingereza, nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee, wikendi nikiwa huru nakwenda kwa dada. Ijumaa iliyopita mpwa wangu, ana miaka 11, alikuwa anaangalia kitu kwenye tableti, damu zinaruka, anakula krispi. Nikamwambia, siyo hivyo, babu yako baharia alitutisha bila tone la damu. Shemeji akasema iweke basi tuione.

Tukaiweka. Na hapa naomba niseme la haki kabla sijajifedhehesha zaidi: ni filamu nzuri. Mkubwa unaiona kwa macho mengine. Zile sehemu ambazo mjomba alikuwa akisema "hapa wanaongea siasa tu, kunyweni maji" ndizo zilizonikaa. Kumbe maofisa wanakaa mezani na kuhesabu: watoto kama hao wamezaliwa sehemu nyingine pia. Kaskazini mwa Australia walikufa siku hiyo hiyo. Kwa Waeskimo waliuawa na watu wao. Urusi kijiji kimoja waliua watoto na mama zao, na kingine jeshi likakipiga kombora la atomiki kutoka mbali, na wakazi wote ndani, bila hata kuwapa taarifa. Wanalisema hilo kwa sauti ya kuagiza chai. Na kuna wanaume wa Midwich wamekaa baa, wake zao wana mimba zisizoelezeka, hakuna anayemwangalia mwenzake. Mjomba aliipita sehemu hiyo kwa neno moja: "Wanakunywa."

(Kwetu hata isingefika huko. Mimba ya kwanza tu ya namna hiyo, kabla haijaonekana, wazee wangeshasoma Halbadiri, na huyo jini baba angekuja mwenyewe kuomba radhi na mbuzi mkononi.)

Mpwa wangu yeye alicheka toka mwanzo. "Anko, hizo ni nywele za bandia." Kweli, na wamezijaza ndani ili vichwa vionekane vikubwa. "Anko, macho yakiwaka wamesimamisha picha, ona, kope hazitikisiki." Nikatazama. Kweli tena. Macho yakiwaka sura nzima inaganda. Mtoto ameganda, anakutazama, hapepesi. Mpwa alicheka. Mimi nilivuta mto.

Shemeji aliniona navuta mto. Shemeji haachi kitu kipite. Akachukua simu, akapekua, akainua uso una furaha ambayo sijawahi kuiona hata siku alipomwoa dada yangu.

"Shem. Unajua kijiji chenyewe walichopigia picha kiko wapi?"

Kiko Letchmore Heath. Hertfordshire. Ng'ambo ya barabara kuu ya M1 tu, yaani nyuma ya mgongo wetu. Miaka yote hii ninawaosha wazee wa watu, nanunua mihogo ya barafu, nalipa kodi, na Midwich iko pale inanisubiri.

"Kesho twende," akasema. "Au unaogopa?"

Nilisema siogopi. Kuna mashahidi.

Tukafika Jumamosi saa kumi na moja na nusu jioni. Mnaojua mwezi wa kumi wa huku mnajua mwanga wa saa hizo, ule wa kijivu unaofanya kila mtu aonekane amefariki kidogo. Kijiji chenyewe ni kidogo, ukipiga chafya umekimaliza. Kiwanja cha nyasi katikati, miti, nyumba za matofali, baa ya zamani ambayo inaonekana kabisa kwenye filamu, na bwawa. Nataka mlikumbuke bwawa. Wanaofuatilia asili ya majina wanasema hata hilo jina Letchmore lilitokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya bwawa la tope. Yaani watu wa zamani walinionya kabisa, wakaandika na kibao.

Kilichonishangaza ni magari. Mengi, na ndani yake akina mama wa Kihindi wamevaa sari. Shemeji akaniambia kuna hekalu la Hare Krishna hapo hapo kijijini, jumba kubwa alilowapa George Harrison wa Beatles mwaka 1973. Kwa hiyo kijiji cha watoto wa majini kina hekalu. Hilo lilinituliza. Nikamwambia shemeji shuka basi unipige picha. Akasema ana sambusa ya moto mkononi, niende mimi, yeye ataniona kutoka garini.

Na kweli aliniona.

Nilisimama kiwanjani, bwawa likiwa nyuma yangu upande wa kushoto, nikainua simu niipige picha baa. Pembe ile ile ya kwenye filamu nilikuwa naitafuta. Kimya. Hata ndege. Kisha nikasikia nyuma yangu nyasi zinakanyagwa. Chwa, chwa, chwa. Haraka, nyepesi, miguu mingi.

Nikageuka.

Watoto saba. Hatua kama ishirini kutoka kwangu, wametawanyika, si kwa mstari. Nguo nzuri kupita kiasi, visichana vina magauni chini ya makoti, kivulana kimoja kimevaa tai. Nywele zao, wenzangu, nywele zao zote nyeupe kama ndevu za hindi bichi. Na hawatikisiki. Hapana, sikilizeni vizuri: hawatikisiki. Mmoja mguu wake mmoja ulikuwa hewani. Mmoja mkono wake ulikuwa umenyooshwa mbele, vidole wazi. Wote wananiangalia mimi. Hakuna anayepepesa.

Nikafanya kile ambacho nchi hii imenifundisha. Nikatabasamu nikasema "Hallo."

Hakuna aliyejibu. Mzungu mdogo asiyejibu hallo ni dalili mbaya kuliko paka mweusi.

Nikajiambia, wewe ni mtu mzima. Watoto wamekuona mgeni, wameduwaa. Geuka, piga picha yako, uondoke na heshima yako. Nikageuka. Nikainua simu. Mkono ulikuwa unatetemeka kidogo, nadhani baridi.

Chwa, chwa, chwa, chwa.

Nikageuka upesi. Hatua kumi na mbili. Wameganda. Yule wa mguu hewani sasa ameinua mguu mwingine. Yule wa tai amekuwa mbele ya wote, kidevu chini, macho juu. Na sasa wako nane. Nilihesabu mara mbili. Wa nane alikuwa kisichana kidogo sana, nyuma ya mti, jicho moja tu linaonekana.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angetembea kuelekea garini. Najua. Nimeshaambiwa na watu kumi na nne. Lakini kwenda garini kulitaka nipite katikati yao. Shemeji nilimwona kwa mbali, kioo kimeshushwa, ameacha kutafuna. Nilimtazama kwa macho ya kuomba msaada. Baadaye alieleza kwamba alidhani namwonyesha mandhari.

Nikafanya kosa la tatu. Niligeuza kichwa kidogo tu, robo, kama dereva anayeangalia kioo cha pembeni, kisha nikakirudisha ghafla ili niwafume. Walikuwa wameshasogea. Hatua saba! Na wameganda, lakini sasa nikaona kitu ambacho sikukiona mwanzo: midomo yao. Imebanwa. Wote wamebana midomo, mashavu yamevimba kidogo, kama watu wanaozuia kitu kisitoke.

Sasa nawaambia walikuwa wanazuia kicheko. Wakati ule nilijua wanazuia nguvu.

Na hapa ndipo, sijui niseme nini, Tanga ikanipanda. Sikuamua. Mwili wenyewe uliamua. Miguu ikabanana, mikono ikashuka, macho yakanitoka, na nikaanza kuwaza ukuta. Kwa dhati. Matofali mekundu, saruji katikati, tofali juu ya tofali. Nikawaza kwa nguvu mpaka masikio yakaziba. Nikiwaza nilikuwa narudi nyuma, taratibu, kisigino kwa kisigino. Wao nao, kwa vile sasa nilikuwa nimefumba jicho moja ili kuona ukuta vizuri, wakawa wanasogea bila hata kusubiri nigeuke.

Kuwaza kimya hakukutosha. Ukuta ukawa unabomoka. Nikaanza kuusema kwa mnong'ono, niusaidie. "Ukuta. Ukuta. Ukuta."

Yule wa tai hatua nne.

"Ukuta. Ukuta wa matofali. Ukuta."

Hatua tatu. Macho ya bluu yale, maji matupu. Nikatamani hata harufu ya kandambili.

"Ukuta! UKUTA!"

Akainua mkono. Taratibu, taratibu mno, kama mtu anayetaka kumshika kipepeo. Vidole vyake vilikuwa na kitu cheusi kimeganda. Sasa najua ilikuwa chokoleti ya keki. Akanyoosha kidole kimoja, akaja nacho, akaja nacho, na akanigusa hapa, kwenye mkono wa koti, kwa ncha.

Nilichotoa hakikuwa neno. Shemeji anasema nilisema "mamaa". Si kweli. Nilianza na "uku" na nilikusudia kumalizia na "ta", lakini mguu wa kushoto ulikuwa umeshaondoka ardhini kwenda nyuma, na huko nyuma hakukuwa na ardhi. Kulikuwa na majani yaliyolowa, halafu utelezi, halafu muda mrefu. Nakumbuka niliona anga. Nakumbuka niliwaza simu, nikaiinua juu, na hiyo ndiyo picha pekee niliyopiga siku nzima: mawingu, na kwenye kona, nywele nyeupe.

Kisha tope.

Siyo refu. Likifika magotini ni kama umesimama. Mimi nilikuwa nimekaa. Maji ya mwezi wa kumi yaliingia kwenye koti, yakaingia kwenye suruali, yakaingia sehemu ambazo sina haja ya kuzitaja kwenye ukurasa unaosomwa na wakwe. Bata mmoja alinisogelea akanitazama kama mpangaji mpya.

Kwa sekunde moja hakuna aliyesema kitu. Halafu watoto wote wanane wakaruka na kupiga kelele kwa pamoja:

"Bibi ameanguka!"

Kisichana cha nyuma ya mti ndicho kilichonieleza, kwa upole kabisa, kimechuchumaa ukingoni, huku mimi najaribu kutoa kiatu kwenye tope. Kuna mchezo. Watoto wa huku wote wanaujua, tafsiri yake ni kama Nyayo za Bibi. Mmoja anakuwa bibi, anasimama mbele amewapa mgongo. Wengine wananyata wamfikie. Bibi akigeuka ghafla, wote wanaganda. Atakayetikisika au kucheka ametoka. Atakayemgusa bibi kwanza ameshinda. Walikuwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya huyo wa tai, wametoka nje kucheza, wakamwona mtu kasimama kawapa mgongo, anageuka geuka ghafla.

"Tulidhani unataka kucheza," kikasema. "Ulikuwa bibi mzuri sana."

Ningeweza kufia hapo nikaridhika. Lakini mlango wa aibu haukuwa umefungwa bado. Nyuma ya watoto, kwenye njia, alikuwa amesimama mama mmoja wa Kihindi, mzee, sari ya zambarau na koti la baridi juu yake, ametoka hekaluni, ana kikopo cha vitamu mkononi. Alikuwa ananiangalia kwa utulivu mkubwa. Nikapata faraja, nikasema moyoni angalau huyu hajaelewa nilichokuwa napiga kelele.

"Ukuta gani huo, mwanangu?" akasema. "Mimi hapa naona maji matupu."

Kiswahili cha Mombasa. Kisafi. Kimenyooka kuliko changu. Alizaliwa Mombasa, aliondoka na wazazi wake 1968, na miaka yote hiyo, sijui nusu karne na zaidi, alikihifadhi kile Kiswahili ili kije kinimalizie mimi ndani ya bwawa la Hertfordshire.

"Shikamoo mama," nikasema. Nilikuwa bado nimekaa kwenye maji. Ningesema nini kingine?

"Marahaba. Kwenu ni wapi?"

"Tanga."

Akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyepata jibu la vipimo. "Aa. Basi."

Wale wa Mombasa mnaoshangilia, nimewaona, na nitawajibu siku nikikauka.

Mengine yalikwenda haraka. Mama yule akanipa mkono, wazazi wakatoka na taulo, wakaniomba radhi, nikawaomba radhi, wakaniomba tena, tukaombana radhi kama dakika kumi kwa mujibu wa sheria za nchi hii. Nikapewa kipande cha keki kwenye kikaratasi. Nikapewa na kitamu cha hekaluni. Wa tai alikuja kunipa mkono kama mwanaume, nikampongeza kwa miaka yake minane. Shemeji alitandika mifuko ya takataka kwenye kiti, akaendesha vioo vikiwa wazi, na hatujavuka M1 alikuwa ameshatuma ile sauti. Huku anaendesha! Alisimama taa nyekundu, nikadhani anamjibu dada.

Basi, yaliyo ya uongo kwenye sauti yake: "mamaa", nimeshaeleza. Watoto hawakuwa watatu, walikuwa wanane. Bata hakunifukuza. Kuhusu suruali, ni maji ya bwawa, na nitalirudia hilo mbele ya kadhi.

Usiku ule nimejifunika blanketi mbili, sikulala, nikawa nasoma habari za wale watoto wa kwenye filamu. Yule kiongozi wao, David, mwenye macho ya kukufanya uungame, aliigizwa na Martin Stephens, mtoto wa 1949. Alipokua aliachana na sinema. Akasomea usanifu wa majengo. Majengo! Ule ukuta mzee Zellaby aliojichosha nao wote ule, mwenzie alikuwa anaupigia mahesabu.

Nikamtumia mpwa hiyo habari nikidhani itanirudishia heshima. Akajibu, "Sawa Bibi." Kwenye kundi nimeshabadilishwa jina. Kazini pia, maana mmoja wa wenzangu yumo kwenye kundi na mmoja ana ndugu yake kwenye kundi. Leo mzee wangu wa asubuhi, ana miaka 91, aliponiona naingia chumbani akaganda kitandani na kijiko hewani. Nani kamwambia?

Nilikuwa nimeshaandika mpaka hapo nikataka kutuma. Simu ikaita. Mama, Tanga.

Nilijua anataka kujua kama nimeumia. Nikaanza, "Mama, mimi mzima, ni mafua tu kidogo," akanikatisha.

"Nimeisikiliza sauti ya mkwe mara tatu," akasema. "Anasema ulikuwa unawaza ukuta. Kwa sababu ya ile sinema ya kaka yangu."

"Ndiyo, mama."

"Sinema ile ya mwaka ule wa sukari."

Nikanyamaza.

"Ikaja ya tende. Ukanikodolea macho vile vile." Nikasikia anavuta kiti, anakaa. "Sasa niambie. Ile mia mbili ya upatu iliyopotea kwenye mtungi, ambayo nilimpiga dada yako?"

Sikujibu. Nilitazama mbele, pale hita ilipo, viatu vyangu juu yake, na nyuma ya viatu matofali.

"Usininyamazie," mama akasema. "Hapo hapo ulipo unawaza ukuta."